Jioni na Asubuhi katika Danieli 8:14

Muda wa kutakaswa patakatifu, katika sura ya nane ya Danieli, umetajwa kwa maneno mawili ya Kiebrania, *ereb* na *boqer*, yaani jioni na asubuhi. Hesabu yake 2300. Tafsiri ya kale ya Kiyunani iliongeza neno "siku", na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikaandika siku peke yake.

Biblia hiyo ya Kiingereza ndiyo aliyoisoma William Miller, mkulima wa jimbo la New York. Kwa kutegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6 alihesabu kila siku kuwa mwaka, akaanzia amri ya Artashasta ya 457 K.K., akafikia 1843. Kwa kuwa hapana mwaka wa sifuri, hesabu ikasogezwa hadi 1844, na Samuel Snow akaitaja siku yenyewe ya kurudi kwa Kristo: 22 Oktoba. Wako walioacha mazao yao shambani bila kuvuna. Siku ikapita. Baadhi yao hawakuiacha tarehe, bali walibadili mahali: patakatifu, walisema, ni pa mbinguni. Katika hao lilitokea kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa 1863, na wamisionari wake walifika Upare 1903.

Wataalamu wengi huona kwamba aya yamhusu Antioko Epifane, aliyelinajisi hekalu 167 K.K., likatakaswa 164 K.K. Wengine kati yao huhesabu sadaka za jioni na za asubuhi mbalimbali, wakapata siku 1150.

Biblia ya Muungano ya 1952 imerudisha jioni na asubuhi, ila imetanguliza neno "nyakati", nalo, kwa maoni yangu, laelekea mno upande wa 1150. Kutoka 29:39 huitaja sadaka ya asubuhi kabla ya ile ya jioni. Danieli amefuata mpango wa Mwanzo 1, jioni kwanza. Mswahili haoni ugeni hapa, maana kwake usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Yamkini, basi, maana ni siku kamili 2300.

Lakini siku kuwa mwaka ni jambo jingine. Hesabu na Ezekieli, vinapobadili siku na mwaka, husema hivyo waziwazi; Danieli 8:14 haisemi.