Miradi ya elimu ya uraia wa dunia hutuzwa kwa vigezo gani?

Elimu ya uraia wa dunia ni mafunzo yanayomwandaa mwanafunzi kuishi kwa amani na watu wa makabila, dini na mataifa mengine, kuheshimu haki zao na kuyatunza mazingira wanayoyategemea wote. Aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliifanya kuwa mojawapo ya nguzo tatu za mpango wa elimu aliouzindua Septemba 2012. Mwaka 2015 mataifa wanachama yaliijumuisha katika lengo la nne la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yanayokusudiwa kutimizwa kufikia 2030.

Ugumu wake ni kwamba haina mtihani wa kitaifa. Mwalimu aweza kuifunza miaka mingi bila mkaguzi yeyote kuona alama zake daftarini. Ndipo tuzo za kimataifa zinapopata umuhimu, kwani huwalazimu waamuzi kuuliza ni nini hasa kilichobadilika.

Mojawapo ni tuzo ya elimu kwa maendeleo endelevu ya Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2015 kwa ufadhili wa serikali ya Japani. Washindi huwa watatu, na kila mmoja alitengewa dola 50,000. Mradi hutakiwa uwe umeendeshwa kwa angalau miaka minne, uwe na matokeo yanayoonekana na uweze kuigwa kwingineko. Sharti hilo la miaka minne ni la busara, maana huchuja miradi inayochipuka msimu wa ufadhili na kunyauka fedha zinapokwisha.

Barani Afrika, Shule ya Msingi ya Sihlengeni, iliyoko mashambani nchini Zimbabwe, ilikuwa miongoni mwa washindi wa 2017. Mwaka uliofuata ilifika zamu ya NaDEET, kituo cha elimu ya mazingira katika jangwa la Namib, Namibia. Watoto wanaozuru kituo hicho hupika kwa majiko ya jua na kupima maji wanayotumia. Somo la dunia nzima hapo huanzia kwenye ndoo ya kuogea.

Hata hivyo, mwenye mradi hawezi kujipendekeza mwenyewe kwa tuzo hiyo. Jina lake lazima liwasilishwe na serikali ya nchi yake au na shirika lisilo la kiserikali lenye ushirikiano rasmi na UNESCO. Kwa shule ndogo isiyojulikana wizarani, kizingiti hicho si chepesi.

Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, iliyoasisiwa na Wakfu wa Varkey, humtunuku mtu badala ya mradi, lakini kuwaandaa wanafunzi kuwa raia wa dunia ni mojawapo ya vigezo vyake. Machi 2019, mjini Dubai, ilimwendea Mkenya Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifunza hisabati na fizikia katika Shule ya Upili ya Keriko, Kaunti ya Nakuru. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata, pamoja na dola milioni moja.

Magazeti mengi yaliandika kuhusu asilimia 80 ya mshahara wake aliyowapa maskini. Kilichotajwa kwa uchache ni chama cha amani alichokianzisha shuleni. Nakuru ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyoathirika vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wanafunzi wa Keriko walitoka katika jamii mbalimbali za Bonde la Ufa. Katika chama hicho walipanda miti, wakafanya midahalo na kucheza pamoja. Wakati huo shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na darasa lilikuwa na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu.