Go (kitenzi cha Kiingereza)

"Go" ni kitenzi cha Kiingereza ambacho maana yake ya msingi ni kwenda, yaani kuondoka mahali fulani au kuelekea pengine. Ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumika zaidi katika lugha hiyo. Maumbo yake mawili ya leo, "go" na "went", hayatokani na mzizi mmoja: ni vitenzi viwili vilivyoungana. Darasani mwanafunzi huambiwa tu akariri kwamba wakati uliopita wa "go" ni "went", na somo likaendelea. Ni hasara, maana nyuma ya jozi hiyo ipo historia ya kuvutia.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi karibu mwaka 1100, kitenzi hiki kilikuwa "gān", kikitamkwa kwa irabu a ndefu. Ndugu zake wa Kigermaniki wangali hai: "gehen" cha Kijerumani, "gaan" cha Kiholanzi, "gå" cha Kiswidi na Kidenmaki. Wanaisimu huwarudisha wote kwenye mzizi wa kale wa Kihindi-Kiulaya uliohusu kuacha au kuondoka. Baadaye, kusini mwa Uingereza, ile a ndefu iligeuka kuwa o, kama "hām" (nyumbani) ilivyogeuka kuwa "home" na "stān" (jiwe) kuwa "stone". Badiliko hilo halikufika kaskazini, na ndiyo maana Waskoti husema "gae".

Zamani kitenzi hiki kilihusu zaidi kutembea kwa miguu, tofauti na kupanda mnyama. Kijerumani kimeishika maana hiyo: anayesafiri kwa gari au treni hatumii "gehen" bali "fahren". Kwa Waingereza imefifia, ingawa imeacha alama katika neno "go-cart", ambalo kabla ya kutumika kwa kigari cha mashindano lilitaja kigari cha kumfundishia mtoto kutembea.

Sasa "went". Hata enzi hizo "gān" haikuwa na wakati uliopita wa kwake. Ilitumia "ēode", neno la mzizi mwingine, ambalo katika Kiingereza cha Kati lilikuja kuwa "yede" au "yode". Kando yake kulikuwa na kitenzi "wendan", yaani kugeuza au kugeuka, ambacho kilipanuka hadi kumaanisha kushika njia. Wakati wake uliopita uliishia kwa t, kwa utaratibu uleule unaotupa "sent" kutoka "send" na "bent" kutoka "bend". Kwa kuwa kushika njia na kwenda ni mambo yanayokaribiana sana, watu wakawa wanasema "went" palipostahili "yede". Karne ya 15 ilipokwisha, "went" ilikuwa imetawala katika Kiingereza cha kusini. Edmund Spenser alipotumia "yode" katika The Faerie Queene (1590), alikuwa anaupa ushairi wake ladha ya kale kwa makusudi. Waskoti wao walijitengenezea "gaed" kutokana na kitenzi chenyewe. Na "wend", baada ya kunyang'anywa wakati wake uliopita, ilibuniwa mwingine, "wended". Leo kitenzi hicho husikika kwa nadra.

Mseto wa namna hii si kasoro ya Kiingereza pekee. Msomaji wa Kongo au Burundi aliyesoma Kifaransa anajua kwamba "aller", "vais" na "irai" ni kitenzi kimoja, na mizizi yake ni mitatu. Kwa kawaida ni vitenzi vya kila siku ndivyo vinavyobaki na maumbo ya ajabu, kwa sababu mtoto huyasikia mara nyingi mno kiasi cha kutohitaji kanuni.

Matumizi ya "go" yamepanuka mno. Saa ikifanya kazi, inakwenda. Chakula kikioza, nacho "kinakwenda" ubovu. Katika maana hii ya kugeuka kuwa kitu kingine, "go" huelemea upande wa hasara: kupofuka, kufilisika, kurukwa na akili. Ndoto inapotimia, Waingereza hutumia "come", yaani kuja.

Tanuko kubwa kuliko yote ni lile la wakati ujao. "Going to" ilianza kwa mtu aliye njiani kwenda kufanya jambo. Safari ikasahaulika, ikabaki nia, kisha utabiri mtupu. Mwaka 1646 Joshua Poole alikwisha kuitaja katika kitabu chake cha sarufi kuwa ni alama ya wakati ujao, na katika mazungumzo ya leo imefupishwa kuwa "gonna". Kiswahili kilipita njia nyingine: kiambishi -ta- kimetokana na kitenzi taka, na umbo lake kamili bado linaonekana katika "atakayekuja". Hata "will" ya Kiingereza ilitokana na kutaka.

Sambamba na "gān", Kiingereza cha Kale kilikuwa na "gangan" kwa maana ileile. Kutoka ukoo huo lilipatikana jina "gang", kwanza mwendo au safari, baadaye kundi la vyombo vinavyotumika pamoja, kisha kundi la vibarua. Neno hilo la mwisho ndilo lililoingia Kiswahili kama genge, la wafanyakazi na la wahalifu vilevile.