Haki ya Msikilizaji Kumjua Mdhamini wa Tangazo

Kwa mkazi wa Kata ya Kigombe, wilayani Muheza mkoani Tanga, neno "tangazo" hubeba mambo mengi: taarifa ya ofisi ya kata, habari ya msiba na wito wa kununua bidhaa. Redioni, hata hivyo, tofauti kati ya habari na ujumbe uliolipiwa ni suala la kisheria, kwa kuwa anayedhani anapewa habari huamini upesi kuliko anayejua kwamba anauziwa kitu au anaombwa kura.

Utangazaji nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kanuni za maudhui ya redio na televisheni za mwaka 2018 zinavitaka vituo kutenganisha matangazo ya biashara na vipindi vya kawaida, na kumtambulisha mdhamini wa kipindi.

Kwa upande wa siasa, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayosimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa, inahusu fedha zilizo nyuma ya kampeni. Kama ilivyotungwa, sheria hiyo ilikitaka chama kumwarifu Msajili kuhusu mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu binafsi, au milioni 2 kutoka kwa taasisi. Mgombea naye hutakiwa kutoa hesabu ya gharama zake baada ya uchaguzi.

Ifahamike kuwa chama kutajwa hewani hakumaanishi kwamba mchangiaji wake naye ametajwa. Anayesema hutambulishwa na kituo. Aliyetoa fedha hufahamika kupitia taarifa zinazowasilishwa kwa Msajili.

Kwa bidhaa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Hata hivyo, mvuvi aliyenunua nyavu au mashine ya boti kwa sifa alizozisikia redioni atapata shida kudai haki yake iwapo hamjui aliyelipia sifa hizo.

Mwananchi mwenye shaka anashauriwa kuandika jina la kituo, tarehe, saa na maneno aliyoyasikia, kisha kuwasilisha malalamiko kwa maandishi katika kituo husika. Asiporidhika, ayafikishe TCRA, ambako Kamati ya Maudhui hushughulikia mashauri ya aina hiyo. Masuala ya fedha za kampeni yapelekwe kwa Msajili.