Tumboni mwa Zimwi

Mjukuu wangu mmoja, kijana wa sekondari, alinijia likizo iliyopita na swali ambalo sikulitarajia. Yeye na wenzake wana mchezo wa kutunga pamoja hadithi ya kutisha. Kila mmoja huchukua mhusika wake, akaamua mhusika huyo anakwenda wapi na anafanya nini, na mmoja wao, ambaye ndiye huyu mjukuu wangu, huongoza mchezo na kuwaletea balaa. Mwanzoni wenzake waliogopa kweli kweli. Sasa wamezoea; wanatania tu, na baadhi yao hawaji tena. "Babu," akasema, "wewe umefundisha watoto miaka mingi. Nifanye nini ili waendelee kuogopa, na waendelee kuja?"

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Jambo hilo nalijua, tena nalijua kuliko ninavyopenda kulijua.

Mwalimu wangu wa kwanza katika elimu hiyo alikuwa bibi yangu mzaa mama, aliyeishi katika nyumba ya tembe ng'ambo ya Mto Ruaha Mdogo, si mbali na Ipogolo. Nazungumzia miaka ya 1950. Baridi ya Juni na Julai katika nchi ya Uhehe mgeni huistaajabia, na usiku ulipoingia watoto wote tulijibana motoni. Bibi akiita "Hadithi, hadithi!" sisi huitikia "Hadithi njoo!", na tangu hapo hakuna aliyethubutu kwenda nje peke yake, hata kwa haja.

Bibi hakuwahi kutuonyesha zimwi. Kwa miaka yote niliyomsikiliza sikupata kujua lilikuwa na meno mangapi. Tulichopewa ni sauti: kitu kinaburutwa juu ya majani makavu, kisha kimya. Na mahali alipopataja palikuwa petu. Hakusema nchi ya mbali. Alisema kivuko cha mto, pale pale tulipochota maji mchana ule. Au alitaja Gangilonga, mwamba ulio juu ya mji wa Iringa, ambao jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalozungumza. Jioni ya kwanza zimwi lilikuwa huko mwambani. Jioni ya pili limefika kivukoni. Jioni ya tatu bibi alinyamaza katikati ya maneno yake, akatega sikio kuelekea ghalani, kisha akaendelea kumenya karanga. Hakusema kitu. Sisi ndio tuliosema.

Tena hakutuacha tukae kama magunia ya mahindi. Alikuelekezea kidole: wewe umetumwa maji, jua limeshazama, njia ya juu ni ndefu na ya chini ni fupi, unashika ipi? Ukijibu kwa pupa umemezwa. Lakini aliyemezwa hakufukuzwa mchezoni. Alihamia nyuma ya bibi, gizani, na kazi yake tangu hapo ilikuwa kutoa sauti za zimwi. Basi sisi tuliobaki tulisikia sauti za ndugu zetu wenyewe zikitoka gizani, na kila jioni sauti ziliongezeka. Hakuna aliyetaka kulala. Waliomezwa walikuwa na kazi ya kufanya, na sisi tulikuwa na roho zetu za kulinda. Nilipokuja kusomea ualimu nilifundishwa kwa majina makubwa namna ya kumshirikisha mwanafunzi katika somo. Nikajionea kwamba bibi, asiyejua kusoma, alikuwa ameshamaliza kozi hiyo.

Ujanja huo si wa Uhehe peke yake. Askofu Edward Steere alikusanya hadithi za Kiswahili kule Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza na mifugo, mmoja baada ya mwingine, na kila akishtakiwa sultani anasema paka ni wake na alivyokula ni vyake, mwacheni. Baadaye paka anakula watu, hata watoto wa sultani mwenyewe, na sasa jina lake ni Nunda. Kisha kijana mdogo wa sultani anatoka kwenda kumwinda. Anaua mnyama, anamleta kwa mama yake, naye anamwambia huyu siye. Anaua mkubwa zaidi, siye. Mpaka tembo, siye. Msikilizaji, kila aambiwapo siye, anajipimia mwenyewe ukubwa wa huyo ambaye bado hajaonekana. Nilimweleza mjukuu wangu: wachezaji wako wamezoea kwa kuwa umewaonyesha mnyama mapema. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga, na zimwi ulijualo pia halikutishi sana.

Lakini lipo jambo moja la bibi ambalo kwa muda mrefu nililiona dogo. Kabla ya kulala, hata kama hadithi ilikuwa inaendelea kesho yake, alichochea moto ukawaka, akapasua tumbo la zimwi kwa maneno, akawaita waliomezwa mmoja mmoja kwa majina yao ya nyumbani. Kila aliyeitwa alipaswa kuitika na kurudi mwangani, akapewa karanga. Kama mtoto amesinzia huko nyuma, aliamshwa aitike. Hakuna aliyelala tumboni mwa zimwi.

Sasa iko hadithi nyingine, kubwa kuliko zote nilizozitaja, ambayo haikuwa na bibi. Hiyo ni ya mumiani. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyoletwa pwani kutoka Uajemi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyoandaliwa na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1939 inaeleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wengi wanaamini kabisa ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Mjini Nairobi na kule Uganda walisema wanaochukua damu ni wazimamoto, wenye magari mekundu. Kwetu bara wengi walisema chinjachinja. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya habari hizi mwaka 2000, na kwa maoni yake si porojo za wajinga. Kwazo watu walisema juu ya utawala wa kigeni mambo ambayo kumbukumbu za serikali hazikuyaandika. Nakubaliana naye. Mtu anayetozwa kodi, anayepelekwa kwenye mashamba ya mkonge, anayechomwa sindano asiyoelezwa, hana haja ya kuwa mpumbavu ili aamini kwamba kuna mahali damu yake inawekwa kwenye chupa.

Ila hebu tuitazame hadithi hiyo kwa jicho la msimulizi. Mumiani haonekani. Anakaa karibu: gari lile, nyumba ile, mgeni yule. Kila msikilizaji anapewa kazi, kulinda, kunusa, kuhesabu. Yote aliyoyafanya bibi yamo humo. Kisichokuwamo ni mtu wa kuchochea moto na kuita majina. Mwaka 1959, katika mtaa wa Buguruni, Dar es Salaam, askari polisi mmoja aliuawa na watu katika ghasia za mumiani.

Popobawa naye ni wa ukoo huo huo. Alisikika Pemba mwaka 1965, akarudi kwa kishindo mwaka 1995, Pemba kwanza na kisha Unguja, katika mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe. Watu waliacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wakiota moto. Ilisemekana kwamba aliyeingiliwa na popobawa ni lazima asimulie kwa watu yaliyompata, asipofanya hivyo atarudiwa. Nikiwa mwalimu wa fasihi, kanuni hiyo ilinishangaza kuliko mabawa yake. Hadithi inayomlazimisha msikilizaji awe msimulizi haihitaji tena kiongozi. Mwaka huo huo, mjini Zanzibar, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliyetoka bara alipigwa na watu mpaka akafa, wakidhani ndiye.

Nisije nikadhaniwa nasimulia mambo ya kale tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na wanakijiji. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Ilidaiwa kwamba ni wanyonya damu.

Nimeanza na habari za watu wengine kwa sababu yangu ni nzito kuinua.

Mwaka 1975 nilikuwa na umri wa miaka 26, mwalimu wa shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Ipogolo. Nilikuwa mlezi wa bweni. Tangu Rhodesia ijitangazie uhuru wake mwaka 1965, barabara yetu ilikuwa imegeuka njia ya kuihudumia Zambia, malori ya mafuta yakipanda kutoka Dar es Salaam na ya shaba yakishuka. Wakati huo lami ilikuwa imeshawekwa, na usiku hapakuwa na saa usiyosikia gari. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na wavulana wangu wakubwa walitoroka usiku kwenda kuunywa. Fimbo haikusaidia. Mlinzi alikuwa mzee, na nadhani na yeye aliletewa sehemu yake.

Basi jioni moja, baada ya masomo ya usiku, nilikaa kitandani mwa mwanafunzi mmoja nikawasimulia. Niliwaambia kwamba katika malori yale ya matangi limo moja ambalo ni kama mengine yote, ila halinuki mafuta. Sikusema zaidi. Waliponiuliza limebeba nini, niliwauliza wao wanadhani nini. Jioni ya pili nilisema limeonekana Kitonga. Ya tatu nilisema nimeambiwa niache kuyazungumza mambo haya. Kisha niliwapa kazi: wawili wakae dirishani wahesabu taa, mmoja asikilize injini zinazozimwa. Kwa wiki mbili hakutoroka hata mmoja. Mkuu wangu alinipongeza mbele ya walimu. Nilijiambia kwamba nitaifunga hadithi mwisho wa muhula, na ukweli ni kwamba nilikuwa naifurahia. Ni raha kubwa, hii ya kuona nyuso arobaini zikikungoja ufumbue mdomo.

Jioni moja ya mvua utingo mmoja wa lori aliingia uwanjani kwetu na dumu tupu mkononi. Rejeta yao ilikuwa imechemka, akaja kuomba maji. Lori lenyewe halikuwa hata la tangi, lilibeba shaba. Wavulana waliona mgeni, giza, na dumu. Nilikuwa nyumbani kwangu nasahihisha madaftari niliposikia kelele, na nilipofika alikuwa ameshaanguka, na mawe bado yanakwenda. Alikuwa anasema neno moja tu, maji, maji. Hakufa. Jicho lake la kushoto halikupona. Tulipokuwa njiani kwenda hospitali aliniuliza kama dereva wake ameshaambiwa, maana atakuwa anamngojea.

Uliundwa uchunguzi. Wavulana wanane walifukuzwa shule. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati iliyowafukuza. Wote wanane walisema walimdhani ni mumiani; hakuna aliyesema walisikia kwa nani, na mwenyekiti hakuuliza, kwa kuwa mumiani kila mtu amemsikia tangu utotoni. Nilitia sahihi.

Wiki iliyofuata nilikwenda bwenini usiku, taa ikiwaka. Nilitaka kufanya kama bibi. Niliwaambia wale waliobaki kwamba hadithi ile ya lori niliitunga mimi, yote, kwa sababu ya utoro. Kwamba halipo na halikuwapo. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha kijana mmoja mpole, kiranja wa bweni, akasimama. "Tumekuelewa, Mwalimu," akasema. "Tunajua na wewe wamekutisha." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Usiku ule, nikiondoka, nilisikia kitanda kikisukumwa kuzuia mlango nyuma yangu.

Mjukuu wangu nilimpa yale ya mwamba na kivuko na ghala, na waliomezwa kugeuzwa sauti, na kuwaita kwa majina. Aliyaandika yote. Haya mengine atayasoma humu.

Mwaka 1998 hivi nilikuwa Ipogolo, pale mabasi ya Mbeya na Dar es Salaam yalipokuwa yakipakia, nikinywa chai kwa mama ntilie huku nikingoja basi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama yule alikuwa anamsimulia msichana aliyemsaidia kuosha vyombo habari za shule moja hapo karibu, ambako zamani walimkamata mumiani mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na dumu lililojaa damu. Wanafunzi walimpiga, lakini mwalimu mmoja alikuja akamtoa, akampakia kwenye gari wakaondoka pamoja. Msichana akauliza yule mwalimu alikuwa nani. Mama akageuka kunitazama, akaona kikombe changu kimekwisha, akaniuliza, "Nikuongezee, Mzee?"