Kulipa kabla ya kuugua

Wazee wetu wa Kasongo wangali wanakumbuka santre za afya zilizoanza miaka ya 1970, wakati waganga wa hapa walipofanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji. Mimi kinachonivuta zaidi ni namna ya kulipa. Mgonjwa alilipa mara moja mwanzoni, na pesa ile ilifunika ugonjwa wote hadi apone. Hakuna kulipa tena kila akirudi, hakuna kuacha dawa katikati juu ya kukosa makuta. Mwenye homa ndogo alilipa sawa na yule aliyerudi mara tano, yaani mmoja alimbebea mwenzake mzigo bila hata kujua.

Lakini ile haikuwa bima. Waliochanga walikuwa wagonjwa tu, na mtu akiugua ndipo mfuko wake uko mtupu.

Bima yenyewe ilianza mbali na sisi, Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, mwaka 1986. Kule watu walilipa mara moja kwa mwaka, jamaa nzima, wakati wa kuuza mavuno, pesa ikiwa bado iko mkononi. Aliyelazwa hospitalini alitoa asilimia 20, mfuko ukatoa 80. Kuandikisha jamaa nzima kulikuwa na maana: kama kila mtu angeandikisha paka mgonjwa wake, mfuko ungekauka upesi. Tena hospitali ilikuwa na dawa. (Hili tusilipite haraka. Nani atachanga mahali pasipo dawa?)

Sanduku letu sisi linakopesha mtu akisha kuugua. Nimeona wenzetu waliorudi toka ukimbizini wakiuza mbuzi, hata mabati ya nyumba waliyotoka kuezeka, kwa kulipa upasuaji. Na deni la sanduku likabaki juu yao palepale. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya mutuele, yaani vyama vya kusaidiana, inatupa njia ya kufanya vingine. Ndugu wanachama, mkutano ujao tupime jambo hili: kila jamaa ilipe baada ya kuuza mpunga, wazima na wagonjwa pamoja.

Kinachonisumbua ni aliyerudi mwaka huu. Shamba lake halijazaa bado. Kwa huyo, ndugu wafadhili, tunawaomba mchango wa mwaka wa kwanza peke yake. Wa pili atalipa mwenyewe akisha kuvuna.