Risasi na Kasiba katika Historia ya Unyamwezi

Wasomao habari za Mtemi Mirambo na Mtemi Isike huuliza walikuwa na bunduki ngapi. Ni wachache waulizao risasi zao zilikaaje ndani ya kasiba. Hata hivyo, katika swali hilo dogo imo sehemu kubwa ya historia ya Tabora.

Bunduki nyingi zilizopita katika njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, zilikuwa magobori yaliyoachwa na majeshi ya Ulaya. Kasiba ya gobori ni laini ndani. Baruti hutiwa mdomoni, risasi ikafuata, vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Risasi hufanywa ndogo kuliko tundu, na nafasi inayobaki huzibwa kwa kitambaa. Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa mafiga huweza kulitoa. Na mhunzi aliyeyakosa angeweza kufua kidonge cha chuma, gobori lisikatae. Kwa silaha ambazo nyingi zilikuwa za namna hii Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 hata 1875.

Bunduki yenye mifereji, ijazwayo kwa nyuma, haina uvumilivu huo. Mauser ya 1871, waliyoichukua askari wa Wajerumani, ina tundu la milimita 11. Ganda lake hukaa katika chumba cha nyuma. Mbele ya chumba pana koo ambamo risasi hupita kabla ya kuingia katika mifereji. Risasi ikizidi unene, ganda haliingii barabara. Ikipungua, mvuke wa baruti huipita ubavuni, nayo haishiki mifereji, na shabaha hupotea. Ndiyo sababu atakaye kusubu risasi za bunduki ya kale kama hiyo hasadiki kalibu kwanza: husukuma donge laini la risasi ndani ya kasiba, akalipima, ndipo akachagua kalibu.

Tofauti hii iliingia katika sheria. Mkataba wa Brussels wa Julai 2, 1890, uliotajwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za mifereji zisiuzwe kwa raia wa Afrika, ukaruhusu, kwa masharti, magobori ya gumegume na baruti ya kawaida. Maana yake, Mwafrika aliachiwa silaha isiyofika mbali, na mtawala akabaki na ile ifikayo.

Mwaka 1892 Isike aliwarudisha Wajerumani kutoka ngome yake zaidi ya mara moja. Januari 1893 ngome ilivunjwa, naye akaiwasha baruti yake mwenyewe asishikwe hai. Si haki kusema kwamba alishindwa kwa risasi peke yake, kwani mizinga nayo ilikuwapo. Lakini baruti ile, ambayo magobori hayakuweza kuifikisha mbali ya kutosha, ndiyo iliyokuwa silaha yake ya mwisho.