Emes

Kwa Kiyidi, *emes* ni ukweli. Neno lenyewe limetoka Kiebrania, ambako huandikwa kwa herufi tatu: alef, mem, tav. Wakomunisti Wayahudi wa Yevsektsiya, kitengo kilichoundwa 1918 ndani ya Chama cha Kikomunisti cha Kisovieti na kuvunjwa 1930, walikiona Kiebrania kuwa lugha ya marabi na Wazayuni. Basi gazeti lao la Moscow, *Der Emes*, likaandika jina lake kama linavyotamkwa: ayin, mem, ayin, samekh. Katika zile tatu ikasalia mem peke yake. Ugomvi wa dini ulihamia kwenye tahajia, na hata asiyejua siasa aliuona gazetini. Mhariri, Moyshe Litvakov, alikamatwa 1937; gazeti likafungwa 1938.